Maswali ya Wasomaji: Nimsome Emma Hadi Mwisho?

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa vitabu, pokea salamu kutoka Kisumu. Sisi akina mama sita wa hapa Milimani hukutana kila mwisho wa mwezi kuzungumzia riwaya, na safari hii tumechagua Emma ya Jane Austen, tuliyoambiwa kuwa ni hadithi ya mapenzi yenye kuchekesha. Nimefika sura ya 8 na sijacheka. Binti huyu ana mali na hana shida yoyote, lakini anamshawishi rafiki yake Harriet, ambaye hata wazazi wake hawajulikani, akatae posa ya mkulima mwema. Niendelee kumsoma mtu ninayemchukia, au tubadilishe kitabu?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada yangu, hasira yako ni ya haki, na mwandishi mwenyewe aliitarajia. Kabla ya kuiandika riwaya hii, iliyotoka Desemba 1815, alisema kwamba angemchukua mhusika ambaye hakuna atakayempenda sana isipokuwa yeye mwenyewe.

Nawe umechukia pale hasa panapostahili. Robert Martin, mkulima huyo, alizunguka maili tatu kumtafutia Harriet kokwa kwa sababu tu msichana alikuwa amesema anazipenda, na mama yake Martin akasema kwamba ng'ombe wao mdogo aitwe ng'ombe wa Harriet. Msomaji wa Nyanza hahitaji kuelezwa uzito wa neno kama hilo. Emma anayasikia yote na haoni kitu. Kwetu mshenga hutumwa; jirani zako Wajaluo humwita jagam, na neno analolipeleka ni la watu wengine. Emma hakutumwa na mtu, na neno analolipeleka ni lake mwenyewe.

Ucheshi wa kitabu umo humo humo. Msimulizi ametuweka ndani ya kichwa cha Emma, hivi kwamba tunaona anachokiona yeye na tunakosea pamoja naye tusipokuwa waangalifu. Rudia ile picha aliyomchora Harriet, ambayo kasisi Elton aliisifu mno na kujitolea kuipeleka London ikatiwe fremu. Emma ana hakika kwamba kasisi amempenda msichana aliyechorwa. Uniwie radhi kwa kukudokezea, lakini soma upya kila neno la Elton huku ukijiuliza iwapo anamsifu aliyechorwa au mchoraji, na nadhani hapo utacheka.

Kisha vumilia hadi sura ya 43, kwenye matembezi ya kilima cha Box Hill. Watu wanatakiwa kila mmoja aseme jambo moja la werevu, au mawili ya wastani, au matatu ya kipuuzi, naye Miss Bates, mwanamke maskini apendaye kuongea, anasema kwa furaha kwamba matatu ya kipuuzi hayatamshinda. Emma anamjibu kwamba tatizo litakuwa hesabu, kwa kuwa hataruhusiwa kusema zaidi ya matatu kwa mara moja. Miss Bates haelewi papo hapo. Anapoelewa, uso unamwiva kidogo, na badala ya kukasirika anajilaumu kwamba bila shaka amekuwa mtu wa kuchosha. Ni Bwana Knightley, jirani na rafiki wa Emma wa siku nyingi, anayemkemea baadaye, akimkumbusha kwamba mama huyu ameshuka kutoka maisha ya raha aliyozaliwa nayo na huenda akashuka zaidi. Emma analia karibu njia nzima ndani ya gari la farasi, na asubuhi yake anakwenda mwenyewe nyumbani kwa Miss Bates.

Hata hivyo, sitakuambia kwamba kila kitu kinatengenezwa. Barua ya posa ya Martin inasifiwa lakini hatuisomi, na mwishoni urafiki wa Emma na Harriet unaachwa ufifie kwa sababu ya tofauti ya hadhi, jambo ambalo mwandishi analipitisha upesi kuliko ninavyotaka. Leta manung'uniko hayo kikaoni, msibadilishe kitabu. Mkifika sura ya 43 isomeni kwa sauti, na atakayesoma maneno ya Miss Bates ayasome bila haraka.