Dakika za longitudo zisikuhadae kwa kuwa unaishi karibu na Ikweta

Nilipokuwa kidato cha nne hapa Kisumu, niliamini kwamba mada ya latitudo na longitudo nilikuwa nimeimaliza. Nilishika kanuni moja tu: zidisha digrii kwa 60 upate dakika, kisha uhesabu kila dakika kuwa maili moja ya baharini. Majawabu yangu yote kuhusu miji ya kwetu yalikuwa sahihi, hadi katika mtihani wa majaribio nilipoulizwa umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo 60° Kaskazini, nikaandika jawabu lililokuwa maradufu ya lile la kweli. Iliniuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenieleza kanuni hiyo inakomea wapi.

Maili ya baharini, ambayo tangu mwaka 1929 imekubaliwa kimataifa kuwa mita 1,852, chanzo chake ni dakika moja ya duara kubwa la dunia, yaani duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kubwa, kwa hiyo anayeelekea kaskazini au kusini huhesabu dakika moja kuwa maili moja popote alipo. Anayeelekea mashariki au magharibi hufuata duara la latitudo, ambalo huzidi kuwa dogo kadiri linavyokaribia ncha ya dunia, na ndiyo maana ni lazima azidishe dakika zake kwa kosaini (cos) ya latitudo yake. Kwenye 30° digrii moja ya longitudo ni takriban maili 52. Kwenye 60° ni maili 30 pekee. Hapa kwetu, ambapo Ikweta inapita Maseno, kosaini hiyo inakaribia mno 1 hata mwanafunzi anayeisahau hapotezi alama. Ndiyo sababu nawashauri watahiniwa wa Kisumu na Nakuru waanze mazoezi na miji ya mbali, kisha ndipo warudi nyumbani.

Wanafunzi ninaowasaidia jioni mimi huwapa zoezi la safari ya meli kutoka bandari ya Kisumu hadi Port Bell, Uganda. Kosa la kwanza hutokea kabla ya hesabu yenyewe: simu inaonyesha longitudo ya Kisumu kuwa karibu 34.75, nao wanaandika 34°75′, ilhali robo tatu ya digrii ni dakika 45. La pili ni kutoa mahali pa kujumlisha. Kisumu iko 0°06′ Kusini na Port Bell 0°17′ Kaskazini. Kwa kuwa Ikweta iko katikati, tofauti ya latitudo ni dakika 23, wala si 11. Longitudo zote mbili ni za Mashariki, kwa hiyo hapo tunatoa: 34°45′ kasoro 32°39′ ni 2°06′, yaani dakika 126. Kwa umbali mfupi kama huu, tena karibu na Ikweta, kanuni ya Pythagoras inatosha, nayo inatupa takriban maili 128. Meli yenyewe husafiri zaidi ya hapo, kwa maana ni lazima kwanza itoke katika Ghuba ya Winam na kuzunguka visiwa.

Kuhusu mwendo, noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kwa hiyo kuandika “noti kwa saa” ni kosa, nami huwaambia wanafunzi walifute papo hapo. Kwa noti 8, maili 128 ni saa 16. Wakishaelewa hivyo, nawauliza swali ambalo mimi sikuulizwa: meli iendayo magharibi kwa noti 15 itavuka digrii moja ya longitudo kwa muda gani? Kwenye Ikweta ni saa nne. Kwenye latitudo 60° ni saa mbili, ingawa mwendo wa meli haujabadilika hata kidogo.