Maswali Yenu: Thao, Buku na Chai

SWALI: Nafanya biashara ya mitumba Dar es Salaam na mwezi ujao naenda Gikomba, Nairobi. Nasikia bei kule zinatajwa kwa Sheng. Nijue nini nisipigwe?

JIBU: Maneno matano yanakutosha kuanzia: ashu ni shilingi 10, mbao 20, finje 50, soo 100, thao 1,000. Finje huitwa pia chwani, na thao huitwa ngiri. Wenye umri wao bado wanaiita noti ya 500 Jirongo, kwa sababu ya Cyrus Jirongo aliyeongoza vijana wa KANU, YK'92, kwenye kampeni za 1992. Vijana wengi watakwambia soo tano tu.

Sasa hesabu yake. Namba ikifuata neno, zidisha: soo mbili ni 200, thao tatu 3,000. Neno dogo likifuata kubwa, jumlisha: soo finje ni 150, kama mnavyosema wenyewe buku jero, yaani 1,500. Neno likirudiwa, hapo ndipo wageni wanapochemka. Muuzaji akipaza sauti "mbao mbao!" hajasema 40, kila kipande ni 20. Ukibeba vitatu, andaa 60.

Finje nayo masikio mageni huisikia kama 500, hasa kwenye makelele. Usione haya kuuliza: "Hamsini au mia tano?" Muuzaji atajibu kwa Kiswahili cha kawaida bila kinyongo. Ukijitia mwenyeji kwa Sheng ya kuokoteza, ndipo bei inapopanda.

Na usiitafsiri thao kuwa buku kichwani. Zote ni elfu moja, lakini shilingi 1 ya Kenya ni zaidi ya 10 za Tanzania. Cheki kiwango cha siku hiyo kabla hujaanza kuvutana bei.

SWALI: Mimi natoka Mombasa, nimehamia Dar. Nilimweleza mwenzangu kazini habari fulani, akanijibu, "Hiyo chai." Alitaka nimpe kitu kidogo?

JIBU: Hapana, alikuwa anasema umemdanganya! Kwa vijana wa Dar, chai ni habari ya kutunga. Maana ya rushwa ipo pande zote mbili za mpaka, ila huja na kutoa, kuomba au kupewa: "kaomba chai". Ikisimama peke yake mwishoni mwa simulizi yako, ujue hujaaminiwa. Mwenzako akisema ana ubuyu, usinyooshe mkono, ana umbea.

Kwa kuwa umeshahamia, shika na pesa za huko: jero 500, buku 1,000, msimbazi 10,000. Hiyo ya mwisho ni noti nyekundu, rangi ya Simba, klabu yenye makao Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Sema buku mbili. Ukisema mabuku mawili, utaulizwa ni vitabu gani. Dala, shilingi 5 ya zamani, imebaki ndani ya jina daladala tu. Kwa bei ya kitu hutaisikia.

SWALI: Naandika tangazo la duka langu la viatu. Niweke "buku kumi na tano"?

JIBU: Kwenye kibao cha nje, sawa, linavuta macho. Kwenye risiti na lebo ya kiatu weka Sh 15,000.