Barua kwa Mwanangu: Venice na Goti la Mama Mkwe

Mwanangu,

Umeniuliza kama wakwe zako, mmoja miaka 68 na mwingine 73, wataiweza Venice, ule mji wa Italia uliojengwa majini, kwa siku nne, na goti la mama mkwe wako ndilo hilo linalomuuma akipanda ngazi. Wataiweza, na wataifurahia. Ila safari yao msiipange kwa orodha ya vivutio. Ipangeni kwa madaraja.

Mji ule wa kale hauna gari wala pikipiki. Una madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi: unapanda, unashuka, ukizunguka kona unakuta jingine. Ramani ya simu itawaambia ni dakika 12 kwa miguu, isitaje hata ngazi moja. Hapo ndipo wazee huchoka siku ya kwanza, ya pili wakashinda hotelini.

Dawa yake ni boti ya abiria, vaporetto. Boti namba 1 hufuata mfereji mkuu, Canal Grande, ikivuka huku na huku na kusimama karibu kila kituo. Mtu akitaka kwenda ng'ambo, apande upande huu ashukie kituo cha upande wa pili, asiguse ngazi za daraja la Rialto. Mwendo wake ni wa polepole. Kutoka Piazzale Roma, yanakoishia mabasi ya bara, hadi San Marco, penye uwanja mkuu wa mji, ni kama dakika 45. Msiihesabu kuwa ni kupoteza muda. Majumba ya matajiri wa zamani yalijengwa yakiuelekea mfereji, kwa hiyo sura yake nzuri huonekana ukiwa majini.

Tiketi ya dakika 75 ni euro 9.50, ya saa 72 ni euro 45. Safari ya tano tu fedha imesharudi. Kila mtu awe na yake. Kila wanapoingia gatini waiguse kwenye mashine mpaka ikubali, hata kama bado ina siku mbili mbele. Mkaguzi akikuta haikuguswa, ni faini.

Mwambie mama mkwe wako asikimbilie boti. Gati lenyewe huelea, hupanda na kushuka na maji, kwa hiyo hatua ya kuingia botini ni ndogo. Baharia anazungusha kamba, anafungua lango la chuma, wanashuka wa kushuka, ndipo wengine waingie. Na kwenye madaraja machache yasiyokwepeka, apande kwa kutanguliza mguu mzima na ashuke kwa kutanguliza ule unaouma, fimbo ikiwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kosa linalowapata wengi ni kupanda boti ya namba sahihi inayokwenda upande usio sahihi. Vituo vikubwa kama San Zaccaria vina magati kadhaa, basi wasome jina la mwisho wa safari, wasiridhike na namba.

Hoteli ndiyo itakayoamua mengi. Kabla hamjalipa, ulizeni kwa maandishi: kutoka kituo cha boti hadi mlangoni kuna madaraja mangapi? Lifti ipo? Chumba kipo ghorofa ya ngapi? Nyumba nyingi ni za kale na hazina lifti. Mimi ningetafuta karibu na kituo cha San Stae au Ca' d'Oro, au Zattere ambako kuna njia ndefu ya ukingoni mwa maji. Hoteli ya Mestre ni nafuu kweli, lakini Mestre ni bara, na kila siku itaanza kwa basi au treni.

Kuhusu mwezi, chagueni Mei au mwisho wa Septemba. Kuanzia Oktoba hadi Januari kuna maji makuu, acqua alta. Sisi wa pwani tunayajua maji ya bamvua; kule bamvua ikikutana na upepo wa kusini-mashariki, maji ya bahari ya Adriatic husukumwa hadi mjini na kuchomoza kwenye mifereji ya sakafu. Tangu 2020 kuna malango ya MOSE ya kuyazuia, lakini huinuliwa utabiri wa kimo cha maji ukifika kama sentimita 110, na uwanja wa San Marco uko chini, huanza kulowa kabla ya hapo. Yakijaa hukaa saa chache, kisha hupwa. Wasubiri tu ndani, wala wasihangaike na mabuti.

Kanisa la San Marco waende asubuhi, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, bila begi la mgongoni. Ngazi za kupanda barazani juu ni kali, waziache. Pala d'Oro, lile pambo la dhahabu la altareni, liko chini. Kuuona mji kutoka juu, wachukue boti namba 2 hapo San Zaccaria, kituo kimoja tu hadi San Giorgio Maggiore, kanisa lililo kisiwani ng'ambo. Mnara wake una lifti, na kutoka pale San Marco yote iko mbele yao.

Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, wasikose. Shanga za kioo za Venice ndizo misafara ya karne ya 19 ilizibeba kutoka pwani yetu kwenda bara, zikafanya kazi ya fedha. Ila wakipewa boti ya bure kwenda kiwandani, wajue mwisho wake ni dukani, na muuzaji hawaachii haraka. Waende wenyewe kwa tiketi yao.

Chakula si tabu kwao wasiokula nguruwe, samaki ni wengi. Sarde in saor, dagaa wakubwa wa vitunguu, siki na zabibu kavu, wataipenda, lakini waulize kwanza kama imetiwa divai. Kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya mezani, na mezani pale San Marco hulipishwa hata muziki.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, iombeni miezi mitatu kabla. Bima iwe ya angalau euro 30,000, na goti litajwe humo. Dawa zikae kwenye begi la mkononi.

Mwisho, waandikie karatasi mbili, kila mmoja na yake mfukoni. Anwani za kule ni jina la mtaa na namba ndefu, bila jina la njia, na mgeni hawezi kuifuata. Basi juu ya anwani andika kwa herufi kubwa jina la kituo chao cha boti, na chini namba ya dharura, 112. Hata gari la wagonjwa kule ni boti.

Wasalimie sana.

Mama yako