Laki yangu ilikuwa inaliwa na simu

Wiki hii mmeuliza kijana aliyeanza kazi juzijuzi akibana laki moja kila mwezi aiweke wapi. Mi nina miaka 31, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nimejaribu sehemu kadhaa so najibu kwa niliyoyaona.

Mwanzo niliweka kwenye simu. Ile haikuwa akiba, ilikuwa hela inayosubiri wa kuila, maana saa nne usiku mtu anapiga "dada nisaidie nakurudishia kesho" na salio unaliona, utasemaje huna? Mwaka ukaisha nina elfu arobaini na kitu.

Nikaingia kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Tulikuwa 22, sanduku la chuma lina makufuli matatu, funguo wanashika watu watatu na sanduku analala nalo wa nne, kila jumamosi linafunguliwa mbele ya wote mnahesabu, hisa moja elfu tano, mwisho hisa tano kwa mtu. Kile kikao ndo kilinifunza kuweka, ukija mikono mitupu ni aibu na faini juu. Mwaka wa kwanza tukavunja Desemba, kila mtu akachukua chake, vizuri tu. Wa pili mikopo ilishaenda kwa watu ambao hakuna aliyethubutu kuwadai, siku ya kuvunja makufuli yote matatu yapo salama kabisa, tukafungua, ndani madaftari tu, hela hakuna. Aisee.

Sa hivi laki naigawa, na mdogo wangu aliyeajiriwa juzi nimemwambia hivyohivyo. Elfu hamsini UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wao wa ukwasi, nanunua vipande, yaani sehemu yangu ya mfuko, kwa simu hiyohiyo iliyokuwa inanimaliza. Faida sio ya kukutajirisha. Ila ukitaka kutoa hupewi papo hapo, unajaza ombi unasubiri siku kama tatu za kazi, wengi wanaona kero mi naona ndo raha yenyewe, yule wa saa nne usiku akisikia siku tatu anatafuta mtu mwingine. Mifuko mingine ya UTT kama Umoja ina hisa za makampuni ndani, bei ya kipande inaweza kushuka, usipeleke huko kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu (BoT), nazo nzuri ila zinaanzia milioni moja, kwa laki laki hiyo ni miezi kumi kwanza.

Elfu thelathini SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya kukatwa kwenye mshahara kabla hujaiona. Huko usifuate riba, fuata mkopo, nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba, so mwaka mmoja una 360,000 na unaweza kuomba milioni moja na themanini elfu. Omba uone leseni yao, sheria ya 2018 inawataka wawe nayo. Na angalia unamdhamini nani jamani, akikimbia deni zinakatwa akiba zako.

Elfu ishirini iliyobaki nimeirudisha kikoba, kingine, hisa moja tu kila jumamosi. Watu wananishangaa baada ya yale. Mi nafuata kile kikao, na safari hii ufunguo mmoja ninao mimi, na kabla hatujafungua sanduku lazima daftari la mikopo lisomwe kwa sauti, jina kwa jina, hata la mwenyekiti.