Diski ya nje ikianza kukataa kusoma, hamisha kwanza, tengeneza baadaye

Mara nyingi diski ya nje haifi ghafla. Hutangulia kulalamika. Folda iliyokuwa ikifunguka papo hapo sasa inakuweka ukisubiri, video inakwama palepale kila ukiicheza, kisha siku moja Windows inakutolea ule ujumbe wake wa Kifaransa: «Erreur de données (contrôle de redondance cyclique)». Yaani kompyuta imesoma, imehakiki ilichopata, na imekuta si kizima.

Mimi nahariri video hapa Goma, Kongo, za harusi na za kwaya zaidi, na kwa kuwa meza yangu imejaa diski, watu wamenifanya fundi wa diski bila kuniuliza. Wengi wanaokuja wana tabia moja: wakiona kosa, wanataka kulitengeneza hapohapo. Rafiki amewaambia waandike chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski, au kompyuta yenyewe imeomba diski ifomatiwe, yaani ifutwe na kuanza upya, nao wanabonyeza kukubali ili kile kidirisha kiondoke machoni. Faili nyingi hupotelea hapo. Mei 2021, tulipoamriwa kuhama kwa ajili ya volkano ya Nyiragongo, hakuna aliyebaki nyuma kuziba nyufa za ukuta. Tulibeba watoto na makaratasi, tukaondoka. Diski inayokosea kusoma nayo ni hivyo hivyo.

Ila hakikisha kwanza mgonjwa ni nani. Dada mmoja wa kwaya aliniletea diski ya terabaiti 1, ameifunga kwenye kipande cha kitenge. «Yaya, ii disque iko nazima, iko nawaka. Kule Birere banasema ilishakufa.» Niliichomeka, taa ikapepesa. Nikabonyeza kidogo kwa kidole kichwa cha waya upande wa diski, taa ikatulia. Nilipoondoa kidole, diski ikapotea kwenye kompyuta. Lile tundu bapa, pana, lenye sehemu mbili, hulegea upesi, hasa kwa mtu anayechomoa na kuchomeka siku nzima. Nilibadilisha waya, nikaweka mfupi, na nyimbo zake zote za Pasaka zikafunguka. Aliondoka amekasirika, si kwangu bali kwa yule wa mtaa wa Birere aliyeizika diski ikiwa hai.

Ndiyo maana waya ni wa kwanza. Wa pili ni umeme. Tundu la USB 2 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3 miliampea 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kudai hata zaidi ya hapo. Ukiipitisha kwenye kigawanyio cha matundu manne chenye panya, kibodi na simu inayochajiwa, itakohoa tu. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya volti 12. Adapta ikichoka, dalili ni zilezile za diski mbovu. Jaribu pia kompyuta nyingine. Haya yote hayagusi faili zako, kwa hiyo hatari yake ni ndogo.

Baada ya hapo, sogeza sikio. Diski yenye sahani zinazozunguka ndani huvuma kwa sauti moja laini. Ikiwa inagonga, tik, tik, tik, kisha inanyamaza na kuanza upya, ichomoe na usiichomeke tena kwa majaribio. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na kikiwa kimeumia, kila dakika ya kuzunguka inaweza kuchuna data zaidi. Hapo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Kama huna uwezo wa kuilipa leo, iweke kabatini hadi utakapoupata. Usiifungue nyumbani. Mnalijua vumbi letu jeusi la lava, linaingia mpaka kwenye saa ya mkononi. Na ile dawa ya kuweka diski kwenye friza, achana nayo: ukiitoa inatokwa na unyevu, ndani na nje.

Kama haigongi, uliza hali yake. Kwenye Windows natumia CrystalDiskInfo, ni ya bure. Rangi ya bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya, lakini usiishie kwenye rangi. Tazama mistari minne. Namba 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. Namba C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, diski imeshindwa kuzisoma; C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Namba C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na kompyuta, na ikipanda peke yake, rudi kwenye waya na viunganishi. Thamani ghafi huandikwa kwa mfumo wa hesabu wa kumi na sita, ndiyo maana unaona herufi kati ya tarakimu, usishtuke. Kuna maboksi ya diski ya bei rahisi yasiyopitisha taarifa hizi kabisa. Basi hapo utabaki na masikio na akili yako.

C5 ikiwa juu ya sifuri, hamisha leo. Anza na vile visivyoweza kupigwa picha tena: mazishi, harusi, nyaraka. Filamu za kupakua ziache mwisho. Usiburute folda nzima kwa panya, maana ikikutana na faili moja mbaya kazi yote inasimama. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike robocopy E:\ D:\nakala /E /R:1 /W:1, ukiweka herufi za diski zako, ya kwanza ni ya diski mbovu, ya pili ni ya unakohamishia. Zile R na W ni muhimu sana: usipoziandika, programu hii hurudia faili iliyokataa mara 1,000,000, na kila mara inangoja sekunde 30. Diski dhaifu haitoki hai katika mateso hayo.

Windows ikishindwa kabisa kuifungua lakini diski bado inaonekana, nahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nikiiwasha kutoka kwenye flashi yenye SystemRescue. Humo mna ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Yenyewe haijali faili. Inanakili diski nzima sekta kwa sekta, inachukua kwanza sehemu rahisi, inaruka zinazokataa, na inaandika ramani ya ilikofika. Umeme ukikatika katikati, na hapa kwetu utakatika, unaendelea kutoka pale pale badala ya kuanza upya. Amri ya kwanza ni ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map, na ya pili ni ileile, ila -n inakuwa -r3 ili irudie zilizokataa mara tatu. Faili ya picha na ramani zikae kwenye diski nyingine yenye afya na nafasi kubwa kuliko ile mbovu. Na kabla ya yote andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, uangalie kama sdb ndiyo ile mbovu, kwa sababu ukigeuza chanzo na mwisho, umejifutia kwa mkono wako.

Ukishakuwa na nakala, sasa tengeneza upendavyo. Kama SMART, ile taarifa ya afya tuliyoisoma kwenye CrystalDiskInfo, ni safi na tatizo lilianza umeme ulipokatika diski ikiandika, chkdsk /f mara nyingi inatosha, kwa sababu inagusa mpangilio wa faili tu. Ile /r inasoma diski nzima kutafuta sekta mbovu, na kwa diski inayokufa ndiyo kazi nzito kuliko zote. Diski zilizofomatiwa kwa mpangilio wa exFAT huumia zaidi umeme ukikatika, hazina daftari la kurudishia mambo kama zile za NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows. Ukiona imegeuka «RAW», yaani Windows haitambui tena mpangilio wake, jaribu programu ya kuokoa TestDisk, na PhotoRec ikiwa majina ya faili si hoja kwako.

Diski iliyowahi kuwa na C5, hata ikitulia baada ya kufomatiwa, kwangu inabeba filamu za watoto tu. Wengine wanairudisha kazini. Ni mali yao.

Ukienda kununua nyingine, jihadhari na zile ndogo nyepesi zinazodai terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya: inapokea faili zote, kisha zile za baadaye hazisomeki. Beba kompyuta yako, omba muuzaji muijaribu pamoja kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, japo kwa sehemu, na kwa kuwa jaribio zima huchukua saa nyingi, mkubaliane kwa maandishi kwamba utairudisha ikishindwa nyumbani. Akikataa, kibanda cha pili kiko jirani.