Moduli Imegoma Kusetiwa? Pima Breki Kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye umeme wa magari, kuna kaboksi kamoja kameniumiza kichwa kuliko stata na alternata zote nilizofungua hapa Nyakato: kale ka kuwashia gari kwa rimoti, tunakoita moduli. Mteja anakaleta kwenye mfuko, ama katumiwa na ndugu yake aliyeko nje, ama kaagiza mtandaoni. Anachotaka ni kitu kimoja: saa nane mchana, jua la Mwanza likiwa utosini, aminye kitufe akiwa bado dukani, injini iwake na kiyoyozi kianze kupooza siti kabla hajaifikia pikapu yake. Unafunga, unaunga waya, unafika hatua ya mwisho ya kuseti. Kitaa kinapepesa mara mbili tatu, kinazima. Unarudia, kinazima tena.

Hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Mnarudia kuseti mpaka kitufe kinalegea, kisha mnamwambia mteja moduli ni mbovu, akaagize nyingine. Mimi katika zote zilizonigomea, iliyokuwa mbovu kweli ni moja, na hiyo niliiunguza mwenyewe kwa kugeuza chanya na hasi. Zilizobaki zilikuwa nzima. Zilikataa kwa sababu gari liliziambia uongo.

Kaeni mkilijua hili: kabla ya kugusa stata, moduli inauliza maswali. Boneti imefungwa? Kuna mtu amekanyaga breki? Gia iko wapi? Injini imeshawaka au bado? Ufunguo ninaoonyeshwa ni wa gari hili? Kila swali lina waya wake, au linapita kwenye zile waya mbili za mawasiliano ya kompyuta za gari. Kuseti ni kuifundisha moduli kusikia majibu hayo. Jibu moja likija kombo, inajifungia, na haitakwambia ni lipi isipokuwa kwa kupepesa. Kwa hiyo hesabu mipepeso, iandike kwenye kiganja kama huna karatasi, halafu fungua kijitabu chake chenyewe kilichokuja kwenye boksi. Usifuate video ya moduli nyingine inayofanana nayo rangi.

Niwape ya pikapu moja ya mzee anayebeba kayabo kutoka Mwaloni, Kirumba. Mnaijua kayabo, sangara wa chumvi. Maji yake yakivuja kwenye bodi la nyuma hayana huruma na chuma. Nilifunga moduli vizuri, nikafuata kijitabu: fungua swichi, kanyaga breki mara tatu, moduli itajibu kwa kupepesa taa za pakingi mara tatu, kisha minya rimoti. Nilikanyaga tatu, ikajibu tatu, na kabla sijaigusa rimoti ikatoka yenyewe kwenye kuseti. Nilihangaika nayo kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Nikatoa waya zote, nikaziunga upya, nikachoma risasi kila kiungo. Hali ileile.

Aliyenifumbua macho ni mama anayetuletea chai na maandazi. Alikuwa amesimama nyuma ya gari akisubiri hela yake, akasema, "Fundi, mbona taa za breki zinawaka na wewe mguu uko nje?" Nikachungulia. Kweli, moduli ilipopepesa taa za pakingi, za breki nazo zilipepesa, tena kwa mwanga mkali. Nikaingia garini, nikazima taa zote, nikakanyaga breki: taa ndogo za dashibodi zikawaka. Pakingi inawasha breki, na breki inawasha pakingi. Huko nyuma waya mbili zilikuwa zimeoana.

Nilifungua taa ya kushoto. Soketi ilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, na ndani yake mtu alikuwa amelazimisha balbu isiyo yake. Angalieni hapa vizuri. Balbu inayofanya kazi mbili, ya pakingi na ya breki, ina nyuzi mbili ndani na vidoto viwili vya risasi kwenye kitako, na vile vipini vyake vya ubavuni haviko kimo kimoja, makusudi, ili isiingie vibaya. Balbu ya uzi mmoja ina kidoto kimoja kikubwa katikati. Huyo bwana alikisaga kipini kimoja kwa tupa, akaizungusha ikaingia, na kile kidoto kimoja kikalala juu ya kontakti zote mbili za soketi. Taa iliwaka, mteja akaondoka ameridhika. Lakini tangu siku ile waya wa pakingi ulikuwa unapeleka umeme kwenye waya wa breki, na moduli yangu ilikuwa imeungwa kwenye waya huohuo wa breki. Kila ilipopepesa taa kunijibu, ilisikia breki imekanyagwa. Ikajihesabia mikanyago sita badala ya mitatu, ikatoka. Soketi mpya na balbu sahihi, ikasetika mara ya kwanza.

Tangu hapo, waya wa breki naupima mara tatu kabla sijaunga chochote. Mguu ukiwa nje, mita isome 0. Mguu ukiwa juu ya pedali, isome volti za betri. Cha tatu ndicho mnachokiruka: mguu nje, taa za pakingi zimewashwa, isome 0 tena. Hata ikisetika kwa bahati bila kupima hivyo, gari litawaka na kuzimika baada ya sekunde moja au mbili, maana moduli huwasha pakingi injini ikiwaka, inajisikilizia breki ya uongo, inazima. Mteja atarudi kesho yake asubuhi na hasira.

Mita, nasema, ya dijitali. Ile testa ya balbu yenye ncha kama sindano iacheni kwenye fyuzi na taa. Ukiichomeka kwenye waya wa mawasiliano inavuta umeme ambao waya ule haukutengenezewa kubeba, na unaweza kuua kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari. Na waya wa ganda la njano chini ya usukani ni wa eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali: usiuchune wala kuupima kwa kubahatisha.

Betri sitaizungumzia sana kwa sababu mnaijua, ila hamwifuati. Ikiwa imetulia, volti 12.6 ni imejaa, 12.2 ni kama nusu. Ikishuka chini ya 12 usianze kuseti. Swichi inakaa wazi muda mrefu, redio inalia, mlango uko wazi na taa ya ndani inawaka, na wewe unashangaa moduli inasahau katikati ya kazi. Zimeni hivyo vyote kwanza.

Kama moduli inachukua taarifa zake kwenye ile soketi ya mashine ya kupimia iliyo chini ya usukani, ipime soketi kabla ya kuilaumu. Pini ya 16 iwe na umeme wa betri muda wote, ya 4 na ya 5 ni erthi. Kama 16 haina kitu, tafuta fyuzi, na anza na ya kichomeo cha sigara, kwani kwenye magari mengine hizo mbili zinatumia fyuzi moja, na chaja za simu za bei chee zinaikata kila leo. Kisha toa terminali ya betri, subiri kidogo, pima omu, yaani ukinzani, kati ya pini ya 6 na ya 14, zile waya mbili za mawasiliano. Kwenye magari mengi yanayotumia pini hizo utapata karibu 60, maana kila mwisho wa njia kuna kizuizi cha 120 na viwili vikiwa sambamba vinatoa 60. Ukipata 120, njia imekatika mahali. Ukikaribia sifuri, waya mbili zimegusana, na mara nyingi ni pale ulipochuna wewe. Nimeshakuta kiungo cha kusokota kwa vidole na tepu nyeusi juu yake. Joto la hapa linayeyusha gundi ya tepu, pikapu inatingishika barabara ya vumbi, waya zinabusiana. Choma risasi au bana kwa kontakti ya kubana, kisha valisha mpira wa kusinyaa.

Ufunguo nao una yake. Gari lenye imobilaiza, kile kizuia wizi, linasoma chipu iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo kupitia koili iliyozunguka tundu la swichi. Moduli lazima ifundishwe kuigiza chipu hiyo, na Ford nyingi haziruhusu kusajili ufunguo mpya bila mashine mpaka uwe na funguo mbili zilizokwisha kusajiliwa. Mteja ana mmoja tu, wa pili ulizama ziwani au uko kwa mke mkubwa. Muulizeni hilo kabla hamjafungua dashibodi, si baada. Na mnapousoma ufunguo, uchomoeni kwenye rundo. Ufunguo wa gari jingine wenye chipu ukining'inia jirani na koili, usomaji unavurugika. Dogo mmoja hapa alipoteza nusu siku kwa sababu funguo za gari hilo na za gari jingine la bosi zilikuwa pete moja.

Dizeli: msitafute waya wa koili ya plagi kusomea mzunguko wa injini, haupo. Fuateni njia ambayo kijitabu kinaruhusu, kama vile kusoma mzunguko kwenye mawasiliano ya kompyuta au kuangalia volti zikipanda alternata inapoanza kuchaji. Ukichagua ya volti na alternata imechoka, moduli haitajua injini imewaka, itaendelea kuzungusha stata. Utasikia mlio wa kusaga ambao hutausahau.

Swichi ya boneti msiiruke kwa kuunga waya zake pamoja ili kazi iishe. Ile ndiyo inayozuia gari kuwashwa kutoka dukani wakati fundi mwenzako ana mkono kwenye feni.

Sasa gia za manuali, na pikapu nyingi za kazi huku kwetu ni za manuali. Moduli isiyo na hali maalumu ya manuali msiifunge hata mteja akiongeza hela. Hiyo hali inafanya hivi: dereva anaweka gia huru, anavuta hendibreki, anaiamuru moduli iishikilie injini, anatoa ufunguo injini ikiwa bado inanguruma, anatoka, anafunga milango, ndipo moduli inaizima. Hapo imejiridhisha kwamba gia iko huru na hakuna mtu ndani. Mlango wowote ukifunguliwa baadaye, kibali kinafutika, kwa kuwa huenda mtu ameingia akachezea gia. Madirisha yafungwe pia, mkono wa mtoto unapita, na moduli haioni dirisha.

Kasoro moja ya kawaida hapo: mmeunga waya wa mlango kwenye taa ya ndani ambayo hubaki inawaka sekunde kadhaa baada ya kufunga. Moduli inadhani mlango bado uko wazi. Hamieni kwenye waya wa swichi ya mlango wenyewe.

Na si kila kukataa ni kasoro. Kuna kaka mmoja anakaa Isamilo, juu kule kwenye mawe, nyumba imekaa mteremkoni. Alinirudia mara tatu: "Fundi, ile kitu yako haikuseti vizuri. Hapa gereji inawaka, nyumbani asubuhi haiwaki." Mara ya kwanza nilipima kila kitu, sikuona tatizo. Mara ya pili vilevile, na nikaanza kuishuku betri ya rimoti. Mara ya tatu nikamwambia, twende nyumbani kwako, uegeshe kama unavyoegesha kila siku, mimi nitakaa kimya.

Tulipanda kilima, akaingiza pikapu uani, akavuta hendibreki, akazima kwa ufunguo, akaingiza gia namba moja, akashuka, akachukua jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi akaliweka nyuma ya tairi. Gari lilikuwa kwenye gia. Moduli haikupewa kibali, ikakataa kuwasha, na ilikuwa sahihi. Ingetii, pikapu ingeruka mbele kwenye ukuta wa jikoni, ambako mkewe alikuwa anasonga ugali.

Nilimwonyesha mpangilio: gia huru, hendibreki mpaka mwisho, toka, funga milango, subiri izime yenyewe. Nikairekebisha hendibreki siku hiyohiyo kwa sababu ilikuwa imelegea, na ndiyo iliyomzoesha kutegemea gia. Sasa inawaka kila asubuhi. Jiwe bado analiweka, na sijamkataza.