Redio inasema mvua haba: niuze ng'ombe, nihame au nisubiri?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa bara ya Malindi, upande wa Chakama. Marehemu baba aliniachia ng'ombe, sasa wako 38, na mbuzi hamsini na kidogo. Mwaka juzi redio ilitangaza mvua itakuwa haba, nikauza ng'ombe 11 kwa bei ya kutupa. Mvua ikaja ikakata barabara, na jirani yangu ambaye hakuuza hata mmoja akanicheka mwaka mzima. Sasa wanatangaza tena mvua haba. Shemeji yangu ana watu wake Witu, asema tupeleke ng'ombe huko Lamu. Niuze, nihame au nisubiri? Na nikihama, ile sindano ya mbung'o nidunge lini?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Jirani yako hakukushinda akili, alibahatika tu. Angeweza kuwa yeye aliyebaki na ngozi.

Tuanze na redio, maana wengi wenu mwaionea. Idara ya Hali ya Hewa haisemi mvua itakosekana. Hugawa uwezekano mafungu matatu: mvua zaidi ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Pasipo dalili yoyote, kila fungu hupata kama 33 kwa 100. Sasa tuseme mwaka huu fungu la chini limepewa 45. Hiyo ni habari nzito, lakini bado 55 ziko upande wa mvua ya kawaida au zaidi. Habari ikishapita kwa mtangazaji na kwa kinyozi, inakufikia wewe imebaki maneno mawili: mvua haba. Tena utabiri wa vuli hutegemewa zaidi kuliko wa masika, kwa sababu vuli hufuata sana joto la Bahari ya Hindi na mambo ya El Niño na La Niña. Masika ni mkaidi, na sisi wa pwani ndiyo tunayoitegemea. Kwa hiyo ukitangaziwa vibaya mwezi wa tisa, sikiliza kwa masikio mawili. Ukitangaziwa mwezi wa pili, moja latosha.

Basi usijiulize kama itanyesha. Jiulize: nikikosea nitapoteza nini, na kitanichukua muda gani kukirudisha?

Hukuniambia uliuza wepi wale 11, na hapo ndipo penye jibu langu. Kama walikuwa maksai, madume ya ziada na majike makongwe, hukupoteza kitu kikubwa hata kama mvua ilinyesha siku ya pili yake. Hao wangeuzwa tu. Kama uliuza mitamba, hapo uliumia kweli. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na mtamba wetu wa malishoni mara nyingi hufika miaka minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Jike unayemuuza leo kwa hofu, huwezi kumzalisha tena kwa msimu mmoja. Mbuzi ni miezi mitano tu, ndiyo maana wazee humchinja mbuzi kwanza na kumlilia ng'ombe.

Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya mbavu kuonekana, toa madume usiyoyahitaji, majike yaliyopitisha miaka miwili bila kushika mimba, na yale ambayo meno yameisha. Shika taya, tazama mwenyewe. Usikubali kuambiwa "huyu bado". Wauze wangali na mwili, soko halijajaa. Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilivunjika, na waliongoja hadi msimu wa tatu walipeleka sokoni mifupa mbele ya wanunuzi waliokuwa wamechoka kuona mifupa. Pesa utakazopata, nusu nunua nyasi kavu mapema na chumvi ya mifugo. Nyasi ni za majike wenye ndama watakaobaki nyumbani, si za kundi zima. Huwezi kulisha kundi zima.

Kuhama nakuunga mkono, ila usihame kwa maneno ya simu. Shemeji aende mwenyewe kwanza. Wasomali wana neno lake, sahan: mtu anayetangulia kuona majani, maji, magonjwa na watu. Hapo mwisho nakaza: watu. Aulize wazee ni malka ipi, yaani njia ya mifugo kufika mtoni, iko wazi, mashamba yamevunwa au bado, na kama mabua yanapatikana kwa kubadilishana na samadi. Mapigano ya wafugaji na wakulima ya Tana Delta mwaka 2012 hatujayasahau, na yalihusu malisho na maji hayahaya. Chukua pia kibali cha kusafirisha mifugo kwa ofisi ya mifugo ya kaunti kabla ya kutoka.

Sasa sindano. Witu kuna vichaka, na vichaka vya pwani vina mbung'o, nzi anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa Mto Tana, wanajulikana kuvumilia ugonjwa huu kuliko Boran wa ranchi, lakini kuvumilia si kinga, na ng'ombe aliyechoka kwa njaa hata huo uvumilivu hupungua.

Dawa ziko mbili na kazi zake ni mbili. Diminazeni hutibu aliyekwisha kuugua. Isometamidiamu hutibu na hukinga, na kinga yake hukaa kati ya miezi miwili na minne kutegemea kipimo na wingi wa mbung'o. Hiyo ya pili ndiyo ya safari: wadungwe kabla ya kuingia kichakani, ndani kabisa ya msuli. Kipimo ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito. Dozi kubwa igawanywe sehemu mbili, maana hii dawa huacha uvimbe. Mwite mhudumu wa mifugo afanye kazi hiyo, na uzito upimwe kwa utepe wa kifua, si kwa jicho.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililolikuta kwenye boma moja. Kijana alikuwa na pakiti moja ya diminazeni, ile yenye gramu 1.05 za dawa, inayochanganywa na mililita 15 hivi za maji safi na kutosha kilo 300. Yaani ng'ombe mmoja mkubwa. Yeye aliimimina kwenye chupa ya soda, akajaza maji hadi shingoni, akadunga ng'ombe tisa kwa sindano moja bila kuibadilisha. Wale tisa hawakupona, na vijidudu vikafunzwa kuizoea dawa. Ukiwa na pesa ya pakiti tatu, tibu watatu.

Dalili ya kuangalia huko ni ng'ombe anayekula vizuri na bado anakonda, manyoya yamesimama, machozi yanatoka, na ukifunua kope ndani ni peupe. Anayetupa mimba bila sababu, mshuku pia. Na ukitumia dawa ya kunyunyiza ya kuua mbung'o, elekeza miguuni na tumboni, kwa ng'ombe wakubwa kwanza. Huko ndiko mbung'o hutua sana, na dawa yako itakwenda mbali zaidi.

Mbuzi waache nyumbani na majike wawili watatu wenye maziwa ya watoto. Shemeji akirudi kutoka Witu, niandikie una majike wangapi, mitamba wangapi na madume wangapi, tupige hesabu ya pakiti kabla hujafungua zizi.